Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wetu: ziwa mlilifunga, milima je?

Kwako Mheshimiwa Mkurugenzi wa Halmashauri yetu,
Pamoja na wakuu wa idara za Uvuvi, Mazingira, Ardhi na Maliasili, na waheshimiwa madiwani wote,
KIGOMA.

YAH: TOPE LA MILIMANI LINALOINGIA ZIWA TANGANYIKA

Salaam nyingi waheshimiwa. Wenye umri wa wazazi wangu shikamooni, wadogo zangu habari za kazi.

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Mimi ni mkaushaji na mchuuzi wa dagaa kwenye mmoja wa mialo ya hapa kwetu, pale mitumbwi inaposhushia samaki, mwalo gani sitaji maana sitaki kesho isemwe nagombana na mtu fulani, ofisi husika inajua barua zangu zilipo na muhuri wa kupokelewa upo. Niliandika, nikajibiwa kwa mdomo kwamba linafanyiwa kazi. Nikarudi, nikaambiwa afisa yuko semina. Tukaenda kundi zima la kina mama wa vichanja (zile meza za nguzo na wavu tunazoanikia dagaa), tukakalishwa kwenye benchi mpaka saa tisa mchana alafu tukaambiwa mkuu ameshatoka kaenda msibani (Mungu amlaze pema marehemu, ila jamani si mngetuambia tangu asubuhi tukaanue dagaa zetu). Basi ndo nimeona niandike hapa kwenye uwanja wa wazi ambapo mnasoma nyie na wanasoma na wapiga kura wenu, na naomba msilichukulie kwa hasira, nawaheshimu, ila nimechoka kuheshimu kimya kimya.

Nianze na lile mnalolijua vizuri. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa, 15 Mei mpaka 15 Agosti, miezi mitatu. Tukaelezwa samaki wanapungua, wavuliwe kwa mpangilio, wapewe nafasi wazaliane. Mitumbwi ikapandishwa mchangani, nyavu zikakunjwa, vichanja vikabaki vitupu mpaka mbuzi wakawa wanalala chini yake. Wenye mikopo ya vikoba mnajua wenyewe ilikuwaje. Mimi sikuandika barua wakati ule, na leo pia siandiki kupinga. Ukweli sisi tulio mwaloni ndo wa kwanza kuona ndoo zinapungua, mtu anatoka usiku kucha na taa zake anarudi alfajiri mafuta hayajarudi. Kufunga ziwa nakubali.

Ninachokataa ni kufunga ziwa peke yake. Miezi ile ile mitatu wakati mvuvi amekaa nyumbani anashona wavu, huku juu ya mwalo matipa yalikuwa yanapanda na kushuka. Mlima unakatwa, korongo linachimbwa mchanga, miti inaangushwa inachomwa mkaa, kiangazi chote udongo unalegezwa. Mvua za Novemba zilipoanza, kila kilicholegezwa kikashuka kwa mpigo kikaingia pale pale ambapo tuliambiwa samaki wapumzike. Sasa hapo tumemfungia nani?

Malalamiko yetu ni haya, nayapa namba ili mtakapojibu mjibu moja moja.

1. Tope

Hii ndo kubwa na nitakaa nayo, mnivumilie.

Njooni mwaloni asubuhi baada ya mvua kubwa ya usiku, njooni kabla ya saa moja, kabla upepo haujavuruga maji. Mtaliona ziwa letu hili linalosifiwa kwamba unaona jiwe mpaka chini, limegawanyika vipande viwili, kule ndani bluu, huku pwani rangi ya chai ya maziwa, na kijito kinaendelea kusukuma kingine. Ingieni na miguu. Palipokuwa na changarawe mguu unazama kwenye utelezi mpaka kwenye kifundo. Pale kwenye miamba ambapo watoto wanaogelea, inameni mguse jiwe, lina ukoko wa udongo, ukikwangua na kucha linatoka tope laini la kijivu na chini yake ule ukijani uliokuwa unaota kwenye jiwe haupo, umefunikwa umekosa jua umekufa.

Ule ukijani ndo chakula. Wale samaki wadogo wa rangi rangi wa kwenye mawe, ambao watu wa nje wanawanunua kwenda kuwaweka kwenye matangi ya kioo sebuleni, wengi wao wanaishi kwa kukwangua mawe, na wengine wanataga na kulea humo humo kwenye nyufa. Ni jamii ya perege, ziwa hili lina aina zaidi ya mia mbili za jamii hiyo na karibu zote hazipatikani kokote duniani isipokuwa hapa kwetu. Tope likiziba nyufa hakuna nyumba, likifunika jiwe hakuna chakula. Na msiseme hao hatuwali kwa hiyo hawatuhusu, maana pwani hiyo hiyo ndo wanapokulia na dagaa wachanga kabla hawajatoka kwenda maji makubwa ambako mgebuka, samaki anayewala, anawangoja.

Najua kuna mtu ofisini atasema ziwa ni kubwa hili, tope la korongo moja litafanya nini. Ni kweli ni kubwa, kilomita kama 670 kwa urefu, kina mita 1,470 pale penye shimo kabisa, duniani linalolizidi kwa kina ni Baikal peke yake. Lakini samaki haishi kwenye huo ukubwa wote. Kwenda chini, upande wetu huu wa kaskazini ukifika kama mita mia moja hivi, kusini mpaka mia mbili na kitu, oksijeni inakwisha. Chini ya hapo ni maji mazito yaliyokaa, hakuna dagaa wala mgebuka. Ziwa lote la kuvua ni hiyo ngozi ya juu, na pwani yenye mawe na mchanga wa mazalia ni utepe mwembamba kuzunguka. Tope linaingilia hapo hapo.

Na likiingia halitoki. Mlango wa kutokea ni mmoja tu, mto Lukuga upande wa Kongo pale Kalemie, maji mengi zaidi yanaondoka kwa kupanda angani na jua, na jua halibebi uchafu. Wataalamu wanahesabu muda wa maji kubadilika kwenye ziwa hili kwa mamia ya miaka. Kwa hiyo tunachokifukia leo tunawafukia nacho wajukuu wa wajukuu.

Upande wetu wa vichanja hasara ni ya siku hiyo hiyo. Maji yakiwa machafu dagaa wanaooshwa wanabaki na mchanga, mnunuzi wa Tabora au Dar akitafuna akasikia kitu kinasagika kwenye jino bei inashuka, na sisi tuliacha kuanika chini tukajenga vichanja ili tuepuke mchanga huo huo. Msimu uliopita korongo lilihama njia, likapita katikati ya vichanja vyetu, nguzo zikang'oka, wavu ukabaki unaning'inia na tope juu. Tulileta na picha. Mlizipokea.

2. Mita 60

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Hii sheria tunaijua kwa sababu mgambo wanatusomea sisi. Mama akilima mchicha pembeni ya kijito anasomewa mita 60. Kijana akijenga banda la chipsi anasomewa mita 60. Ila anayechimba mchanga ndani ya mto wenyewe, yaani siyo mita 60, siyo mita 6, ni sifuri, yeye ana karatasi ya kibali. Tumeomba tuione hiyo karatasi, nani kasaini, inasema tani ngapi, mpaka lini, na baada ya hapo shimo litafukiwa na nani. Hatujaonyeshwa.

Mtasema na vichanja vyenu viko ndani ya mita 60. Viko, mwalo huwezi kuuweka mlimani. Kichanja ni nguzo na wavu, ukiking'oa leo kesho nyasi zinaota. Kama kuna cha kusogeza kwenye eneo letu njooni mtuelekeze tutasogeza, ila tupimwe kwa kamba moja wote.

Alafu viwanja. Mteremko ule juu ya barabara ulipimwa viwanja, greda likapita likafungua barabara za mtaa moja kwa moja kutoka juu mpaka chini, hakuna mtaro, hakuna hata jiwe la kuvunja kasi ya maji. Mtu yeyote aliyelima Kigoma, hata ambaye hajasoma, anajua huwezi kulima tuta la kushuka na mteremko. Mlima wetu umelimwa tuta la kushuka, na aliyelima ni greda la serikali.

3. Miti, na mfano uko hapa hapa nyumbani

Pandeni boti pale Kibirizi inayokwenda Kagunga, nyie mnaopenda ziara za mafunzo mikoani huko, hii nauli yake haifiki hata posho ya siku moja. Mkiwa kwenye maji tazameni kulia. Mtaona milima ya nyasi na makovu mekundu, mashamba ya mihogo yamepanda mpaka kwenye uti wa mlima, alafu ghafla inaanza kijani imesimama, miti inashuka mpaka kwenye mawe ya pwani, hiyo ni Gombe. Ikiisha, mnaanza tena kuona mashamba yamepanda. Milima ni ile ile, mvua ni ile ile. Na vijito vinavyotoka Gombe vinatiririka maji, nenda kaviangalie hata baada ya mvua, halafu rudi uangalie vya kwetu.

Sasa mtasema ile ni hifadhi, ina askari, tangu 1968 ni hifadhi ya taifa, huwezi kuwafukuza watu wote wakaachwa sokwe. Sijasema hivyo. Mfano ninaoutaka mimi uko nje ya hifadhi. Marehemu Jane Goodall, yule mama aliyekuja Gombe mwaka 1960 kuangalia sokwe mtu na akafariki Oktoba 2025, mwanzoni mwa miaka ya 1990 alipita juu na ndege ndogo akaona Gombe imebaki kipande cha msitu kimezungukwa na milima ya upara. Hakuagiza askari zaidi. Taasisi yake ikaanza mradi wa TACARE mwaka 1994, wakaanza kwa kukaa na vijiji kuuliza watu wanataka nini, na watu wakasema maji, zahanati, shule, udongo wa kulima. Wakaanzia huko. Baadaye vijiji vyenyewe vikapanga matumizi ya ardhi, hapa tunalima, hapa tunakata kuni, hapa hapaguswi. Sehemu nyingi hata hawakupanda mti, waliacha moto na panga tu, visiki vikachipua vyenyewe. Miti ya miombo ina hiyo tabia, ukikata mizizi bado iko hai chini, ukiiacha inarudi.

Nasema hivi kwa sababu kila mwaka mnatuletea siku ya kupanda miti. Mkuu anakuja, kuna turubai, kuna maji ya chupa, miche inawekwa kwenye mashimo, picha zinapigwa, saa nane kila mtu kaondoka na kufika Jumamosi mbuzi wamemaliza. Mingine ni mikaratusi mnapanda kwenye chanzo cha maji, mti unaokunywa maji usiku na mchana! Zile pesa za turubai mngemlipa kijana mmoja wa mtaa alinde mlima usichomwe moto kiangazi kimoja tu, mngepata miti mingi kuliko ya sherehe tano.

4. Takataka na maji machafu

Hili nalipita haraka maana mnalijua. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 1 Juni 2019 na ndani ya wiki chache ilipotea madukani, kwa hiyo mkitaka mnaweza, hakuna asiyewaogopa. Chupa bado zipo, zinatoka kwenye mitaro yenu zinaishia kwenye nyavu zetu. Na mashimo ya vyoo yanafunguliwa usiku mvua ikinyesha ili maji yabebe, mnajua na sisi tunajua, na maji hayo hayo mama anachota asubuhi. Kipindupindu kikija tunafungiwa kuuza chakula mwaloni, aliyefungua shimo hajulikani.

5. Adhabu inaishia chini

Makokoro, zile nyavu za kukokota pwani, ni haramu, nyavu za macho madogo ni haramu, mnazikamata na mnazichoma hadharani. Sawa. Mvuvi anayekokota mazalia anastahili. Lakini toka nimezaliwa sijaona tipa limechomwa wala kunyang'anywa, wala hata limesimamishwa kuulizwa unapeleka wapi mlima wa watu.

Sasa nijibu majibu yenu kabla hamjayatoa, maana nimekaa kwenye benchi la ofisi muda wa kutosha nimeyasikia yote.

Mtasema ni mabadiliko ya tabianchi, nje ya uwezo wa halmashauri. Ni kweli na wala sibishi. Mwaka 2003 wanasayansi walichapisha kwenye jarida la Nature kwamba ziwa limepata joto juu, upepo umepungua nguvu, kwa hiyo ile rutuba iliyokaa chini haipandi tena vizuri kama zamani wakati wa kusi, na wakakadiria chakula cha msingi ziwani kimepungua kama asilimia 20 na hiyo inaweza kuwa imepunguza samaki kwa asilimia 30 hivi. Mwaka 2016 wengine wakachimba tope la chini wakasoma mabaki ya samaki na konokono ya miaka mingi, wakakuta kupungua kulianza hata kabla uvuvi mkubwa wa biashara haujaanza. Kwa hiyo joto lipo, na mtu wa Kigoma mwenye baiskeli na taa ya sola hakuliwasha yeye. Lakini hapo ndo hoja yenu inawageuka waheshimiwa. Kama rutuba ya kutoka chini inapungua na hatuna namna ya kuipandisha, basi kinachobaki mikononi mwetu ni pwani na milima. Mgonjwa wa homa unamuongezea na mzigo kichwani?

Mtasema Burundi na Kongo nao wanachafua. Wanachafua. Nchi nne za ziwa hili, sisi, Burundi, Kongo na Zambia, zilisaini mkataba wa kulitunza tarehe 12 Juni 2003, na zilisainia Dar es Salaam, kwetu sisi wenyewe. Kuna mamlaka ya pamoja ina ofisi Bujumbura. Tukienda kwenye vikao hivyo tutamwambia nini Mrundi kuhusu milima yake na yeye akivuka kuja Kigoma anaona ya kwetu kabla boti haijafunga gati?

Mtasema wakimbizi wanamaliza miti. Kambi zimewekwa Kasulu na Kibondo, kule kuna shida yake na isemwe kule. Juu ya mwalo wetu hakuna kambi hata moja, kuna viwanja vyenye majina ya watu mnaowajua.

Mtasema hakuna bajeti. Makinga maji, yale matuta ya kukata mteremko, yanachimbwa kwa jembe, kamba na kipimio cha miti mitatu ambacho kila bwana shamba alifundishwa chuoni. Vetiva, ile nyasi ya kushika udongo, inazalishwa kwa kugawa mashina. Msaragambo tunaujua, tuiteni siku ya kazi muone watu wanavyotoka, ila hatuwezi kuchimba kinga maji asubuhi alafu mchana greda likapita juu yake. Na tunalipa ushuru wa kila mzigo wa dagaa unaotoka mwaloni, risiti ninazo. Hatujawahi kuona hata jiwe moja la mtaro limerudi kutoka kwenye huo ushuru.

Mtasema na nyie mnabanika migebuka kwa kuni. Tunabanika. Ndo maana kwenye maombi yetu nimeweka na hilo. Serikali imetoa mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, na kwenye vikao mnagawa mitungi midogo ya gesi. Mtungi mdogo haubaniki gunia la migebuka. Tuleteeni mafundi watujengee majiko ya kubanikia yanayokula kuni kidogo, tupangiane tulipe kidogo kidogo, sisi tunakopesheka.

Basi tunaomba haya:

Kwanza vibali vyote vya kuchimba mchanga, mawe na kokoto kwenye makorongo na milima inayomwaga ziwani vibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kata, na vile vilivyo ndani ya mto visimamishwe mpaka mtu wa mazingira apite na wananchi wakiwepo. Mchanga wa kujengea tunauhitaji wote, mimi mwenyewe natamani nyumba ya tofali, kwa hiyo mtenge eneo mbali na maji, watu wachimbe huko kihalali.

Pili barabara za viwanja ziwekewe mitaro ya mawe na mabwawa madogo ya kudakia tope kabla ya masika, na kiwanja kipya kisiuzwe mteremkoni kabla mtaro haujakamilika.

Tatu, ziwa litakapofungwa tena milima nayo ifungwe. Miezi ile ile. Asiingie tipa, asiingie mkata mkaa, isiwashwe tanuri ya tofali kwenye miteremko ya ziwa. Miezi ya kufunga ni kiangazi, ndo miezi ya moto na kuchimba, kwa hiyo inaingiliana vizuri kabisa, na wavuvi waliokaa bila kazi walipwe kuchimba makinga maji na kulinda moto. Hapo mvuvi anapata unga na mlima unapata mlinzi.

Nne, vijiji na mitaa iliyo mlimani tukae nayo meza moja. Mkulima wa mihogo wa kule juu siyo adui yangu, udongo unaokuja kunifukia mimi ni shamba lake linalopotea. Hatujawahi kukutanishwa hata mara moja, yeye ana ofisi ya kilimo, mimi nina ofisi ya uvuvi, na ofisi hizo ziko korido moja.

Tano ni lile jiko.

Sisi kwa upande wetu hatujakaa tunangoja. Kina mama wa vichanja tumeshaanza kukusanya mashina ya vetiva kwa ajili ya kingo za korongo upande wetu, na mwaloni tumekubaliana anayeonekana anatupa taka majini analipa faini ya kikundi, hata kama ni mume wa mwenyekiti (imeshatokea, alilipa).

Tunaomba kikao ndani ya siku 30, mwaloni, sio ofisini. Tafadhali chagueni siku za mbalamwezi, mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti dagaa kwa hiyo mitumbwi inakuwa nchi kavu na wavuvi wote wanakuwepo. Saa tatu asubuhi inatosha. Njooni na zile karatasi za vibali, na kama inawezekana njooni na viatu vya kuingilia kwenye maji. Viti tutaazima kanisani na msikitini, chakula ni ugali wa mihogo na dagaa za mawese, wa siku hiyo hiyo kama korongo halijashuka usiku.

Nawasilisha.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mama wa vichanja, mwaloni, Kigoma mwisho wa reli.

Nakala:
Mwenyekiti wa mtaa (ile ya kwanza unayo)
Kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, mwaloni
Wenyeviti wa vijiji vya mlimani
Wenye matipa, kwa taarifa